Mikanda ya Ukutani: Pambo la Kumalizia, Si la Kuficha

Nyumba yaweza kuwa ndogo, yenye chumba kimoja na sebule, na bado ikawa na heshima yake. Tofauti baina ya chumba kinachopendeza na chumba kinachoonekana kama kiliachwa njiani aghalabu haitokani na ukubwa wake wala bei ya viti vyake. Hutokana na mahali ambapo vitu viwili hukutana: ukuta na sakafu, ukuta na dari, ukuta na mlango. Hapo ndipo macho hutua, ndipo ufagio hugonga kila asubuhi, ndipo maji ya kupigia deki hujificha, na ndipo mende na kunguni hupata ufa wa kujistiri.

Kwa sababu hiyo, ndugu wasomaji, askari wa jeshi na wa polisi pamoja na jamaa zenu, juma hili ukurasa wetu wa mambo ya nyumbani unazungumzia mikanda ya ukutani. Maana yake ni zile mbao nyembamba, au jipsamu, au saruji, zinazozungushwa chini ya ukuta, katikati yake, juu karibu na dari, na kandokando ya milango na madirisha. Mkanda wa chini mafundi wengi huuita skatingi. Ni kazi ambayo mwenye nyumba, awe bwana au bibi, aweza kuifanya kwa mikono yake mwenyewe akiwa na msumeno, nyundo na subira. Lakini kabla hajanunua hata ubao mmoja, yampasa alijue jambo moja: mkanda ni pambo la kumalizia ukuta mzima. Haukuwekwa duniani ili ufiche ukuta mgonjwa.

ASILI YAKE

Mikanda si ushamba wala si majivuno ya watu wa siku hizi. Huko Misri, unakoishia Mto Nile ambao sisi twauona ukianza safari yake Jinja, mahekalu ya kale yana ukingo wa mawe uliopinda kwa nje juu ya kuta zake. Wataalamu wengi wa mambo ya kale huamini kwamba umbo hilo liliiga vichwa vya matete au makuti yaliyoinama juu ya kuta za udongo za zamani zaidi. Wayunani nao walitokeza ukingo wa mawe juu ya majengo yao, na pamoja na kuyapamba, ukingo huo uliyatupa mbali maji ya mvua yasiteremke ukutani. Katika mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki, mafundi wa Lamu wa karne ya 18 walizipamba kuta za nyumba za mawe kwa chokaa iliyochongwa nakshi, na kwa safu za vidaka vya kuwekea vyombo.

Tukitazama vizuri twaona kwamba pambo la namna hii mara nyingi lilikuwa na kazi. Mkanda wa chini huukinga ukuta na fagio, viatu na maji. Mkanda wa kati huukinga na migongo ya viti. Mkanda wa mlango huufunika mwanya baina ya fremu na plasta. Mkanda wa juu huufunika mwanya baina ya ukuta na dari. Mkanda usiokuwa na kazi hata moja kati ya hizo, fikiri mara mbili kabla ya kuutolea fedha.

UKUTA KWANZA

Wako watu ambao wakiona plasta imebabuka chini ya ukuta hukimbilia kuifunika kwa ubao mzuri uliopakwa vanishi. Kwa miezi michache chumba hupendeza. Kisha ubao huvimba, hutoa ukungu mweusi, na harufu ya uvundo huanza kuwasumbua watoto, hasa wale wenye pumu. Unyevu ulikuwapo tangu mwanzo, na ubao umeuzuia tu usikauke. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiufunika ufa bila kuuziba, utaujenga ukuta huo na kuununua ubao mara ya pili.

Basi fanya uchunguzi wa mambo matatu.

La kwanza ni unyevu. Chukua kipande cha karatasi ya nailoni, chenye upana wa kama nusu mita kila upande, ukibandike ukutani karibu na sakafu kwa utepe wa gundi, kingo zote nne zikiwa zimezibwa. Kiache kwa siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa ndani unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa nje, maji yanatoka katika hewa ya chumba, nawe wahitaji kufungua madirisha zaidi. Maji yatokayo ukutani hutafutiwa chanzo: mfereji wa nje ulioziba, bati linalovuja, bomba lililopasuka, au udongo uliorundikwa nje ya nyumba juu kuliko sakafu ya ndani.

La pili ni nyufa. Weka alama ya kalamu ya risasi kwenye ncha zote mbili za ufa, na uandike tarehe. Tazama tena baada ya miezi miwili. Ufa uliosimama mahali pake huzibwa kwa plasta. Ufa uliozipita alama zake bado unatembea, na huo ni wa kumwonyesha fundi mwashi.

La tatu ni mchwa. Tafuta vijia vyembamba vya udongo vinavyopanda kutoka sakafuni. Nyuma ya mkanda wa mbao ndiyo barabara waipendayo, kwa kuwa hakuna awaonaye. Wakiwapo, watibiwe kwanza.

KUCHAGUA KIFAA

Mbao. Mvule hustahimili mchwa na unyevu, lakini umeadimika, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Atakayeukata na ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Musizi ni mwepesi na hukatika kirahisi, ila mchwa huupenda, kwa hiyo haufai bila dawa. Msonobari wa mashambani hufaa sana ukiwa mkavu na umetiwa dawa. Ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambao madukani huitwa MDF, umenyooka na hupokea rangi vizuri, lakini ukinywa maji huvimba wala haurudi ulivyokuwa. Usiutie jikoni, bafuni, wala katika chumba kinachopigwa deki kwa ndoo za maji.

Jipsamu. Hii hufaa kwa mkanda wa juu. Haiungui wala hailiwi na mchwa, lakini hulainika ikilowa. Bati likivuja, jipsamu ndiyo ya kwanza kulalamika.

Povu la plastiki. Mikanda hii myeupe na myepesi huwavutia wengi kwa urahisi wake. Ichukulieni kwa hadhari. Povu la polistirini hushika moto upesi, hudondosha matone yanayowaka, na hutoa moshi mzito mweusi. Lisiwekwe juu ya jiko, wala katika chumba ambamo mshumaa au tadooba huwashwa usiku. Tena gundi na rangi zenye petroli au tina huliyeyusha.

Saruji. Mkanda wa chini wa saruji ni ndugu wa wote wenye kipato kidogo, na kwa sakafu za saruji ndio bora kuliko yote. Changanya saruji sehemu 1 na mchanga safi sehemu 3. Kwaruza ukuta, uulowanishe, kisha paka tabaka lenye unene wa sentimita 1 hadi 1.5 na kimo cha sentimita 10, ukiongozwa na ubao ulionyooka uliofungwa kwa muda ukutani. Ulowanishe kila siku kwa siku 7 ili usipasuke. Ukishakauka kabisa, upake rangi nzito kama nyekundu au nyeusi. Mchwa hauli, deki haiuozeshi.

KUPIMA NYUMBA ULIYO NAYO

Makosa mengi huanza hapa. Mtu huhesabu kana kwamba chumba chake kimenyooka, na chumba chake hakijui kwamba kilipaswa kunyooka. Sakafu huinama, ukuta hutumbuka, pembe hufunguka. Pima chumba kilichopo.

Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, na mlango wa sentimita 90 katika ukuta mmoja mfupi. Kuzunguka chumba ni mita 14. Ukitoa mlango, wabakiwa na mita 13.1. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vipande vitakavyopotea, upate kama mita 14.4. Lakini usinunue kwa jumla hiyo peke yake. Nunua kwa kutazama kuta. Mbao zikiwa na urefu wa futi 14, yaani kama mita 4.2, mbao 4 zatosha: moja kwa kila ukuta mrefu, moja kwa ukuta mfupi usio na mlango, na moja kwa pande mbili za mlango. Hivyo hakuna ukuta utakaokuwa na kiungo katikati, napo katikati ndipo kiungo kionekanapo zaidi.

Pembe nazo zipimwe. Weka alama ya sentimita 60 kutoka pembeni kwenye ukuta mmoja, na ya sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, kisha pima kutoka alama hadi alama. Ukipata sentimita 100 kamili, pembe hiyo ni mraba, yaani nyuzi 90, na kila ubao utakatwa kwa nyuzi 45. Ukipata zaidi ya 100, pembe imefunguka. Ukipata pungufu, imefunga. Kwa mfano, sentimita 101.7 maana yake ni nyuzi 92, na kila ubao utakatwa kwa nyuzi 46. Ni tofauti ndogo kwa hesabu, ila kwa macho ni mwanya unaoweza kuingiza ukucha.

Kwa mkanda wa kati, ambao hukaa kwenye kimo cha sentimita 80 hadi 90, usipime kutoka sakafuni kila mahali, maana sakafu yaweza kuwa imeinama. Tumia pimamaji, au mpira mwembamba unaopitisha nuru uliojazwa maji bila mapovu; maji katika ncha zake mbili husimama kimo kimoja siku zote. Weka alama kwenye kila pembe, kisha vuta uzi uliopakwa chaki.

Wapendao fremu za mbao ukutani na wakumbuke hesabu hii: nafasi huzidi fremu kwa moja. Ukuta wa mita 4 wenye fremu 3 una nafasi 4. Ukiamua kila nafasi iwe sentimita 10, toa 40 katika 400, gawa 360 kwa 3, na kila fremu itakuwa na upana wa sentimita 120.

KUKATA PEMBE

Mbao zilale ndani ya nyumba kwa muda wa juma moja hivi kabla ya kukatwa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Ubao hunywa na kutoa unyevu kama kiumbe hai, na ukiukata ukiwa mbichi utasinyaa ukiwa umekwisha pigiliwa. Upake rangi ya msingi mbele, nyuma na kwenye ncha.

Kwa pembe ya nje, kata mbao zote mbili kwa mshazari, zitie gundi, na uzikutanishe. Kisanduku cha mbao chenye mikato ya nyuzi 45 kitauongoza msumeno wako. Kwa pembe isiyo mraba, uchore mstari wake kwanza ubaoni.

Kwa pembe ya ndani iko njia bora kuliko mshazari wa pande mbili, nayo ni kama ifuatavyo:

1. Ubao wa kwanza ukate wima, uusukume hadi ncha yake iguse ukuta wa pili, na uupigilie.

2. Ubao wa pili ukate kwa mshazari wa nyuzi 45, ili umbo la uso wake lionekane kama mstari kwenye ukingo wa mkato.

3. Kwa msumeno mwembamba wa kukatia mikunjo, fuata mstari huo polepole, ukiulaza msumeno kidogo ili nyuma ya ubao ikatwe zaidi kuliko mbele.

4. Sogeza ubao wa pili ulalie uso wa ule wa kwanza. Palipogoma, gusa kwa tupa au msasa.

Faida yake ni kwamba pembe ya nyumba ikiwa imepotoka kidogo, au ubao ukisinyaa wakati wa kiangazi, kiungo hiki hakifumuki na kutoa ufa kama mishazari miwili iliyokutanishwa. Nayo ni kanuni ya kazi yote: kata ubao ukiwa mrefu kidogo, kisha upunguze. Ubao mrefu hupunguzwa, mfupi haurefushwi.

KUFUNGA

Kwenye ukuta wa matofali, toboa kwa keekee kila baada ya sentimita 60, tia plagi za plastiki, kisha funga kwa skrubu zilizozamishwa kidogo. Vichwa vifunikwe kwa puti, visuguliwe kwa msasa, ndipo rangi ipakwe mara mbili. Sakafu ikiwa ni ya kupigwa deki, uinue mkanda wa mbao kama milimita 3, na uuzibe mwanya huo kwa gundi laini isiyopitisha maji, ili mguu wa ubao usinywe maji kila asubuhi. Mkanda wa jipsamu hubandikwa kwa gundi yake juu ya ukuta uliokwaruzwa na kulowanishwa, ukishikiliwa na misumari michache ya muda chini yake mpaka ushike.

HATARI ZA KUEPUKA

Usitoboe wala kupigilia juu au chini ya swichi na soketi, kwani nyaya nyingi hupita humo zikiwa zimesimama wima. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuanza, na utumie keekee ya mkono au ya betri.

Usipande kiti kilichowekwa juu ya meza. Tumia ngazi, na kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani.

Nyumba za zamani zaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya namna hiyo isisuguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe, watoto na wajawazito wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Dari na mapaa ya baadhi ya majengo ya zamani yalitengenezwa kwa asbesto. Usilitoboe wala usilikate kwa msumeno bamba ambalo hulijui. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi hukaa mapafuni, na saratani yake huweza kutokea baada ya miaka mingi. Hakuna pambo la thamani hiyo.

NYUMBA ZA SERIKALI

Wasomaji wetu wengi huishi katika nyumba za kambini ambazo si mali yao, na uhamisho huja bila kubisha hodi. Kabla ya kutoboa ukuta, omba ruhusa kwa wanaosimamia majengo, na ruhusa hiyo iwe ya maandishi. Ukiipata, tumia skrubu badala ya gundi, ili uweze kufungua bila kubomoa. Hata hivyo usijidanganye: mikanda iliyokatwa kwa chumba kimoja haitaingia chumba kingine bila kukatwa upya. Fedha nyingi zisubiri nyumba yako mwenyewe.

Na wale wanaoishi katika vile vibanda vya bati vya mviringo, ambavyo kwa muda mrefu vimejulikana katika kambi za polisi za Uganda kwa jina la “mama ingia pole”? Humo hamna pembe ya kukata, na kutoboa bati ni kuikaribisha mvua. Rangi yatosha. Chora duara moja kwa mpira wa maji kwenye kimo cha sentimita 90, paka rangi nzito inayosafishika chini yake na rangi nyepesi juu yake. Chumba kitapata nuru zaidi, na alama za mikono ya watoto zitafutika kwa kitambaa. Siku utakapojenga nyumba yenye ukuta wa mviringo, ujue kwamba ubao nao hupindika: kata mikato ya msumeno mgongoni mwake, kila baada ya sentimita moja hivi, kwa kina cha theluthi mbili za unene, nao utaufuata ukuta.

Ndugu wasomaji, kwa wengi wenu nyumba hiyo bado ni matofali yaliyopangwa kijijini yakingojea likizo ijayo, au ni hesabu iliyoandikwa nyuma ya daftari ikingojea kustaafu. Ijengwe kwa mpango huohuo: msingi, mfereji wa maji ya mvua, bati lisilovuja na plasta iliyokauka vitangulie, na mikanda iwe ya mwisho. Mgeni akiingia atausifu mkanda. Mwenye nyumba atakayelala usiku wa masika bila kusikia tone wala harufu ya ukungu, yeye atajua kwamba sifa hizo ni za ukuta ulio nyuma yake.